Mafundi wa Kalemie, tusizibe mdomo waya wa tatu wa feni

Hapa Kalemie, mashine ya fotokopi ikigoma, fundi anaitwa mbio. Wanafunzi wanangojea kazi zao, raia wanangojea kopi za vitambulisho, mwenye duka anahesabu hasara. Mara nyingine ugonjwa ni mdogo: feni imekufa. Fundi anatoa feni kwenye ordinateri mbovu na kuunga waya mbili, mwekundu na mweusi. Ule wa tatu anaukata, ama anaufunga kwenye hasi ili kadi ya mashine idanganyike. Mashine inawaka, pesa inalipwa. Kwa maoni yangu, hiyo si dawa, ni hatari.

Waya wa tatu, ambao mara nyingi ni wa manjano, ni shahidi. Katika feni nyingi unatuma ishara mbili kwa kila mzunguko. Katika zingine unasema tu kama feni inazunguka ama imekwama. Mashine ya laser inayeyusha wino wa unga kwa joto linalokaribia digrii 200. Feni ikisimama na shahidi amezibwa mdomo, kadi haitajua kitu. Joto litazidi kupanda ndani, karatasi zimejaa pembeni.

Wengine watasema feni ya asili haipatikani na mteja hana pesa. Ni kweli. Lakini kuunga ovyo kunaua pia kadi, na kadi ni ghali kuliko feni. Feni nyingi za mashine hizi ni za volti 24, za ordinateri ni 12, na mlango wa ishara kwenye kadi kwa kawaida unavumilia volti 5 ama 3.3 tu. Kuna feni ambazo waya wao wa tatu unatoa volti za feni yenyewe. Ukiunga moja kwa moja, kadi inaungua.

Kwa hiyo, fundi, chomoa mashine kwanza. Linganisha volti, ampea na aina ya ishara ya feni zote mbili. Washa feni mpya pembeni, pima waya wa tatu kwa multimetri. Volti zikipita zile za kadi, usiunge.

Na wewe mwenye duka, kabla ya kulipa, uliza: waya wa tatu umeuweka wapi? Afadhali mashine ilale siku tatu ikingojea feni inayofaa kuliko duka lote kuteketea usiku mmoja.