Nguvu za Farasi na Vumbi la Kolwezi

Ubishi juu ya motokari za zamani hauishi upesi. Mmoja husifu Volkswagen ile yenye mgongo wa kobe, mwingine Peugeot 404, na kijana wa shule huingia katikati na karatasi ya tarakimu, akidhani shauri limekatwa. Yafaa tuzipime kwa haki, maana wako bado watu watoao fedha ya nyumba ili kuzifufua.

Twaa Volkswagen ya mwaka 1961: injini ya sentimeta za ujazo 1,192, nguvu za farasi 34, uzito wa kilo 740 hivi, mwendo wa kilometa 115 kwa saa. Peugeot 404, iliyotokea mwaka 1960, ina injini ya 1,618, uzito wa kilo 1,070 hivi, na mwendo wa kama 140. Nguvu zake je? Kitabu kimoja chasema farasi 72, kingine 65. Hapa ndipo wengi hupotea. Kipimo cha SAE cha Kimarekani kilipima injini tupu, ilhali DIN cha Kijerumani hupima injini ikiwa imevaa vyombo vyake vyote. Kwa SAE hata Volkswagen hufika 40! Basi tushike DIN peke yake: farasi mmoja wa Volkswagen huvuta karibu kilo 22, wa Peugeot kilo 16 na nusu. Peugeot yashinda, wala si kwa kidogo.

Tena Kolwezi uko juu, mita 1,400 na zaidi kutoka usawa wa bahari. Hewa ni nyepesi, na injini za namna hii hupoteza yapata sehemu moja ya saba ya nguvu zao. Farasi 34 hubaki 29. Pakia humo watu wanne na gunia la unga, kisha shika njia ya Likasi, nawe utaona kila kilima.

Mbona basi Volkswagen ilipendwa hivyo? Kwa kuwa haihitaji maji. Injini hupozwa na hewa, hata mwezi wa Septemba, vumbi likitanda na vijito vikikauka. Uzito wa injini hulalia magurudumu ya nyuma yasukumayo, na matopeni hilo ni jambo kubwa. Lakini asiseme mtu kwamba Peugeot ni laini. Katika mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki Volkswagen ilishinda miaka ya 1953, 1954, 1957 na 1962. 404 ikashinda 1963, 1966, 1967 na 1968. Mwaka 1963 zilitoka motokari 84, zikafika 7 tu.

Kwa mtu mmoja, Volkswagen yatosha. Kwa baba mwenye watoto sita, mimi nachagua 404, hasa ile ya jamaa yenye safu tatu za viti.

Kabla ya kulipa, inua kiti cha nyuma cha Volkswagen: betri imo chini yake, na bati la hapo huoza kwanza. Katika 404 uliza mafuta ya mhimili wa nyuma. Gurudumu la meno lililomo ni la bronzi, ambayo sehemu yake kubwa ni shaba, na mafuta mengine ya gia yenye salfa huila shaba hiyo polepole.