Wanawake wa Pumwani Walitutangulia

Yapo maneno yanayorudiwa sana katika mitaa yetu ya Eastlands, tangu Kaloleni hadi Kayole. Msichana anayeahirisha ndoa ili amalize masomo huambiwa ameiga mambo ya ng'ambo. Aliyezaa mtoto mmoja akatosheka huitwa mchoyo. Anayelea peke yake huhesabiwa kuwa ameshindwa na ndoa. Kwa maoni yangu, lawama hizi zimejengwa juu ya kutoijua historia, nasi tulio darasani, walimu kwa wanafunzi, ndio wa kwanza kupaswa kuisoma.

Serikali ya kikoloni ilipoanzisha mtaa wa Pumwani mapema katika miaka ya 1920, ilimtaka mwanamume aje Nairobi peke yake, afanye kazi, kisha arejee kijijini. Mwanamke hakuwamo katika hesabu hiyo. Hata hivyo alikuja. Alipika pombe, aliuza vyakula, na wengine waliuza hata miili yao. Waliweka akiba, wakajenga nyumba na kupangisha vyumba. Katika Pumwani, na katika Pangani ya kale iliyobomolewa mwaka wa 1939, wanawake wenye nyumba hawakuwa wachache. Aidha, baadhi ya wale wasiojaliwa watoto walijichagulia warithi, wakaunda udugu usiotokana na damu.

Sisemi maisha yao yalikuwa mepesi, wala sisemi yaigwe. Nasema tu kwamba swali la mwanamke kujipangia kazi, jamaa na uzazi wake halikuletwa juzi kwa ndege. Lina umri wa miaka mia moja papa hapa petu. Isitoshe, mabadiliko yenyewe yamekwisha kuingia katika kila nyumba: mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alizaa kwa wastani watoto wanane, utafiti wa kitaifa wa mwaka wa 2022 ulipata wastani wa 3.4. Anayelaumu na ahesabu kwanza watoto wa nyumbani kwake.

Sheria nazo zimesonga mbele. Tangu mwaka wa 1994 sera ya elimu imemruhusu msichana aliyejifungua arudi shuleni. Katiba ya mwaka wa 2010 inawatwika baba na mama jukumu sawa la kumlea mtoto, wawe wameoana au la. Sheria ya mali ya wanandoa ya mwaka wa 2013 inatambua kuwa kulea watoto na kutunza nyumba ni mchango katika mali hiyo. Lakini sheria haizuii minong'ono. Nimemwona binti akirejea darasani akachekwa, ilhali mvulana aliyempa mimba hakuwa amekosa hata kipindi kimoja.

Hata hivyo, wanawake wenyewe wana la kujiuliza. Wengi wetu tunaotoka alfajiri kwenda kazini tunaweza kufanya hivyo kwa sababu mwanamke mwingine amemwacha mwanawe Dandora ili aje kuwalea wetu. Tukimlipa ujira duni, uhuru wetu utakuwa umesimama juu ya mgongo wake.

Wahenga walinena kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Basi aujuaye aachiwe kuamua kama atazaa, lini, na wangapi. Nasi walimu tumpokee arudipo shuleni, na tumfunze mvulana kuwa ubaba nao ni kazi.