Antimata ya AMS: tunaomba kuona data ghafi

Wasomaji wangu, leo naziweka seva kando kidogo. Nina ugomvi na wanafizikia, na naanza na msimamo wangu: kipimo ambacho mtu wa nje hawezi kukikagua bado hakijakamilika. Najua kuna watakaoniambia nirudi kwenye tarakilishi yangu. Subirini kwanza.

Mwaka 1932 Carl Anderson, kule California, alitega chumba cha ukungu ndani ya sumaku ili kunasa miale itokayo anga za juu. Katikati aliweka bamba la risasi lenye unene wa milimita 6. Chembe moja ikapita. Upande mmoja wa bamba njia yake ilipinda kidogo, upande wa pili ikapinda zaidi, maana yake ilipoteza nishati ndani ya risasi, na hivyo ukajua ilikotoka na ilikoelekea. Ukishajua mwelekeo, ule upindaji unakwambia chaji: chanya. Tena njia ilikuwa ndefu mno kuwa ya protoni. Hiyo ndiyo positroni, pacha wa elektroni mwenye chaji ya kinyume. Picha ikachapishwa. Aliyetaka kubisha alichukua rula akapima mwenyewe!

Siku hizi rula haitoshi. Sumaku inatenganisha chaji tu, na protoni nayo ni chanya, inapinda upande uleule. Kwa kila positroni moja kuna protoni maelfu. Ukishindwa kuzitambua chache tu kati ya hizo, umejitengenezea positroni hewa, kama wale wafanyakazi hewa wa kwenye orodha ya mishahara. Kazi ya kuzichuja hufanywa na kalorimita na vifaa vingine, lakini nyuma ya vifaa hivyo kuna programu inayoamua kipi kibaki na kipi kitupwe. Hapo ndipo nami napata haki ya kuuliza maswali.

Mnamo 2008 kikundi cha PAMELA, chombo kilichorushwa mwaka 2006 kwa setilaiti ya Urusi, kilionyesha mikutanoni grafu ya positroni zikizidi kuongezeka kuanzia GeV 10 kwenda juu, kinyume cha matarajio. Data yenyewe ilikuwa haijachapishwa. Basi waliokuwa ukumbini wakaipiga picha grafu ile kwa kamera, wakasoma nukta moja moja kutoka kwenye picha, wakaandika makala zao kuhusu mata giza! Makala ya PAMELA yenyewe ilitoka kwenye Nature mwaka 2009. Wenye kamera walilaumiwa. Mimi siwalaumu hata kidogo. Ukishatangaza jambo hadharani, usishangae watu wakilichukua.

Halafu kuna AMS, iliyofungwa kwenye kituo cha anga cha kimataifa Mei 2011, chini ya Samuel Ting. Niwatendee haki: majedwali yao ya positroni huchapishwa, na ndani ya kikundi huwa kuna timu mbalimbali zinazochanganua kivyake kisha kulinganisha majibu. Lakini mwaka 2018 Ting alizungumzia mihadharani matukio 8 yanayofanana na antiheli, 2 kati yake antiheli-4. Jamani, hilo si jambo dogo. Antiheli-4 haitarajiwi kuzaliwa kwa wingi wa namna hiyo kutokana na migongano ya kawaida ya miale. Zikiwa za kweli, huenda kuna mahali palipojaa antimata. Zikiwa si za kweli, ni heli ya kawaida iliyosomwa vibaya. Miaka ikapita na mihadhara mingine, bila matukio yale 8 kuwekwa mezani.

Wanajitetea kwamba mtu wa nje hakijui chombo, atasoma vibaya. Sawa, na atakayesoma vibaya atasahihishwa. Darubini ya Fermi iliweka wazi data yake ya fotoni kuanzia 2009. Mwaka uliofuata watu wasio wa kikundi chake wakagundua humo viputo viwili vikubwa vya miale ya gama, juu na chini ya kitovu cha galaksi yetu. Hakuna aliyedhurika.

AMS imekusanya matukio zaidi ya bilioni 200. Mimi naomba 8 tu, pamoja na programu iliyoyachagua. Yataenea kwenye flashi diski.