JASHO BILA DAFTARI



Katika likizo yetu ya nyumbani tulivuka kwa mashua kutoka Shela mpaka Ras Kitau, kisiwani Manda. Kisiwa hicho kina magofu ya miji ya kale. Huko Takwa liko kaburi la nguzo lenye maandishi ya karne ya 17. Maiti alipata wa kumwandikia. Lakini waliochonga matumbawe na kuchoma chokaa, siku zao za kazi hatukuziona zimeandikwa ukutani.

Mafundi wa Misri walikuwa na bahati zaidi. Waliochimba makaburi ya wafalme walikaa Deir el-Medina, karibu na Luxor. Karani wao aliokota kibanzi cha jiwe la chokaa, akakiandika kwa wino. Kibanzi kimoja kimewekwa katika jumba la British Museum, London. Ni daftari la mahudhurio la mwaka wa 40 wa Mfalme Ramses wa Pili, zaidi ya miaka 3,200 iliyopita. Lina majina ya watu 40 na sababu za kutofika kazini: huyu macho yanamwuma, huyu ameumwa na nge, huyu anamtengeneza maiti mama yake, huyu anapika pombe.

Karani yule hakushika nyundo. Kusoma kulimwepusha na kazi nzito. Lakini naye aliishi kwa posho ya nafaka kama mafundi. Katika mwaka wa 29 wa Ramses wa Tatu, yapata mwaka 1157 kabla ya Kristo, posho ilichelewa. Mafundi wakaacha kazi, wakaketi penye mahekalu. Malalamiko yao yaliandikwa kwenye karatasi ya mafunjo, ambayo leo iko Turin, Italia. Ndiyo habari ya mgomo iliyo ya kale kuliko zote zinazojulikana.

Sasa tujitazame sisi. Mwenzetu mmoja alidai malipo ya saa za ziada za miezi mitatu. Mwajiri alileta daftari. Mwenzetu alileta kiapo. Akashindwa. Hatumcheki, maana wengi wetu tungeshindwa vivyo hivyo.

Kwa hiyo, ndugu, nunua daftari dogo. Kila siku andika saa uliyoingia, saa uliyotoka, na jina la mnyapara. Asiyejua kuandika amwone katibu wa tawi, hakuna aibu.

Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Na jasho ndiyo mali yetu.