Jirani wa Bandari na Haki ya Usingizi

Katika kikao cha kamati yetu ya msikiti, mzee mmoja wa Kurasini, ambaye nyumba yake imepakana na yadi ya makontena, alituuliza: jirani anayekoseshwa usingizi kila usiku, amedhulumiwa au hakudhulumiwa?

Hatuna ugomvi na bandari. Wengi wa waumini wetu ni makuli, madereva na makarani, na watoto wao wanasomeshwa kwa jasho hilo. Hata hivyo, dini yetu haimruhusu mtu kumdhuru mwenziwe, hata akiwa katika kutafuta riziki ya halali.

Na kelele ni madhara. Katika mwongozo wake kwa nchi za Ulaya wa mwaka 2018, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kelele za magari barabarani usiku ziwe chini ya wastani wa desibeli 45, kwa kuwa zikizidi hapo huharibu usingizi. Zikiongezeka desibeli 10 tu, sikio huhisi sauti imekuwa takribani maradufu.

Dawa zipo. Meli iliyofunga gatini huwasha jenereta zake usiku kucha; bandari ya Gothenburg, Sweden, ilianza mwaka 2000 kuziunganishia meli umeme mkubwa wa nchi kavu. Makontena yakipangwa upande wa makazi huwa ukuta wa kuzuia sauti. King'ora cha lori linalorudi nyuma chaweza kubadilishwa kwa mlio wa kuvuma unaofifia upesi. Na kontena likitulizwa chini taratibu, badala ya kubwagwa, halina kishindo. Hilo halihitaji hata shilingi.

Tulimshauri mzee wetu na majirani zake waandike kila usiku: saa, aina ya kelele na muda wake. Daftari hilo walipeleke kwa uongozi wa yadi, kisha serikali ya mtaa, na ikibidi NEMC, chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Lalamiko lenye tarehe na saa ni vigumu kupuuzwa.

Kabla ya kufunga kikao tulijitazama na sisi. Spika zetu za nje zilikuwa zikirusha mawaidha hadi usiku mwingi, na jirani zetu wana wagonjwa na watoto wachanga. Tukaafikiana: nje iende adhana pekee, mawaidha yabaki ndani. Mwenye kudai utulivu na aanzie kwake.