Sheria, Rangi na Afya: Funzo la Ukanda wa Sanya

Tusikiapo habari za ubaguzi wa rangi, wengi wetu hufikiria dharau ya mtu kwa mtu. Historia ya eneo letu inafundisha kwamba ubaguzi mzito zaidi ni ule ulioandikwa katika sheria, kwa maana huo hugusa hata afya ya mwili.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1923 iliiweka karibu ardhi yote ya Tanganyika chini ya mamlaka ya Gavana. Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, serikali ya kikoloni ilipanga kuutenga Ukanda wa Sanya, kati ya Kilimanjaro na Meru, uwe wa walowezi wa Kizungu. Mwaka 1951 Wameru wapatao 3,000 walifukuzwa Engare Nanyuki na nyumba zao zikachomwa moto. Walipangiwa Kingori, wakaikataa wakisema ni nchi ya joto na maradhi. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet aliwasilisha kilio chao Umoja wa Mataifa. Iliyogawa ardhi kwa rangi iligawa pia maji, chakula na makazi, yaani misingi yenyewe ya afya.

Tiba nayo ilifuata mkondo huo. Huko Dar es Salaam, hospitali ya Ocean Road, iliyojengwa na Wajerumani mwaka 1897, ilikuwa ya Wazungu. Waafrika walitibiwa katika hospitali ya Sewa Haji.

Leo hakuna sheria inayomfungia mtu mlango wa hospitali kwa rangi yake. Hata hivyo, umbali na fedha vyaweza kuufunga vilevile. Ndiyo maana Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023 inatuhusu kama waamini. Sheria hiyo inatambua kwamba wasio na uwezo wagharimiwe. Lakini ni nani atakayehesabiwa kuwa hana uwezo? Kibarua wa shambani, mjane na mfugaji wa tambarare husahaulika kwa urahisi panapoandikwa orodha.

Tunazisihi Jumuiya Ndogo Ndogo ziwatambue watu hao na kuwasindikiza hadi ofisi ya kijiji, majina yao yaandikwe. Sheria iliwahi kutumika kuwatenga watu walioumbwa kwa sura ya Mungu. Sasa tuisimamie iwakusanye.