"Kuraje" haijazi sufuria: tuwalipe wasanii wetu

Wandugu vijana wa Buluo, wa Kikula, wa Panda na wa Shituru,

Mutu wa kartie yetu akitoa kitabu, tunamwambia: "Kuraje!" Kisha tunaongeza: "Yaya, unitumie faili kwa WhatsApp, ya bure." Amelipa fotokopi na pesa yake, amelipa kuchaji telefone, amekesha usiku mzima akiandika. Na sisi tunaona pongezi inatosha. Tunasema hapana, haitoshi. Kazi ya mutu inalipwa.

Jambo hili si la leo. Mwanzo wa miaka ya 1950, wakati Likasi ingali inaitwa Jadotville, Mwenda Jean Bosco alirekodiwa hapa na gitaa yake. Sahani zilitengenezwa Afrika Kusini, na kampuni ya Gallo. Sauti ilitoka kwetu, biashara ikawa kwingine.

Mwaka 1965, kule Lubumbashi, André Yav aliandika historia ya muji kwa ajili ya chama cha watu waliokuwa maboyi wa wazungu. Aliiandika katika Kiswahili chetu hiki, kile tunaongea sokoni, na akaeleza mambo vile watumishi waliyaona. Kitabu kilichoifikisha mbali kilitoka Amsterdam, mwaka 1990, kwa mkono wa profesa Johannes Fabian. Ni profesa huyo pia alinunua picha za Tshibumba Kanda Matulu, kama 100, za miaka ya 1973 na 1974, zenye kueleza historia ya inchi nzima. Tshibumba alikuwa anatembeza picha zake yeye mwenyewe, nyumba kwa nyumba, kutafuta munuzi. Picha hizo ziliishia katika jumba la makumbusho, Amsterdam tena. Yeye alipotea mwanzo wa miaka ya 1980.

Hatumlaumu aliyenunua. Alilipa na akatunza. Ulizo ni letu: kijana wa Likasi akitaka kuona historia yake iliyochorwa na mutu wa kwao, kwa nini aanze na kuomba viza?

Sheria iko. Tangu tarehe 5 Aprili 1986, inchi yetu ina sheria ya haki za watunzi: kazi ni ya aliyeitunga, na kuitoa kopi kunataka ruhusa yake. Tangu 2011 kuko pia SOCODA, shirika la kukusanya haki hizo. Tunadai Leta ifanye vile sheria inasema, hata huku mbali na Kinshasa. Lakini hakuna polisi atakayesimama mbele ya kila mashini ya fotokopi. Kama ni sisi tunapeleka pale kitabu cha mwenzetu kukitolea kopi 20, mwizi njo sisi.

Basi tunawaomba mambo manne. Nunua, hata mkiwa watatu kwa kitabu kimoja. Ukituma shairi au picha ya mutu, acha jina lake pale. Weka nakala moja mahali watu wataipata: shuleni, parokiani, kwa chama cha kartie. Na wewe msanii, soma kazi ya mwenzako mbele ya kuitoa, umwambie ukweli, mugawane bei ya kuchapa. Aliyeuza leo amfungulie mwengine mlango kesho.

Kwa upande wetu, msanii tutakayemwita katika mukutano atalipwa, hata kidogo, na bei itapatanwa mbele. Hatuwezi kudai wachimbaji walipwe vizuri huku tunamuimbisha mutu bure.

Malori ya madini yanapita hapa kila siku, na tunalalamika kwamba utajiri unatoka bila kutuachia kitu. Maneno yetu na picha zetu nazo ni mali. Hizo tunaweza kuanza kuzilinda leo, kwa franka zetu wenyewe.

Imefanyika Buluo, Likasi.